Mwanafunzi ni Yupi?

Kila mwalimu aliyefundisha katika shule ya kijiji aijua kazi ya asubuhi ya kuita majina. Mwalimu hufungua daftari, huita jina, na mwenye jina huitika, "Nipo." Kazi hiyo yaonekana ndogo, tena wako wasemao kuwa ni kupoteza wakati. Siku moja, nilipokuwa bado mwalimu kijana katika nchi ya Taita, naliita jina la mtoto mmoja, sauti ikaitika, "Nipo," nami nikaandika alama yangu nikaendelea. Kumbe mwenye jina alikuwa mlimani akichunga mbuzi wa baba yake, na aliyeitika alikuwa rafiki yake aliyeketi nyuma. Darasa zima lilijua isipokuwa mimi. Nilipopata habari naliwaadhibu wote wawili, na baada ya hayo nalilisahau jambo hilo kwa miaka mingi.

Sasa nimelikumbuka tena. Siku hizi watu wengi husoma bila kuingia darasani. Mwanafunzi yuko Mombasa au Chicago, mwalimu wake yuko mahali pengine, nao hukutana kwa njia ya intaneti, katika kompyuta au katika simu ya mkononi. Masomo yamo humo, maswali yamo humo, na mazungumzo ya darasa yamo humo. Lakini mlangoni hapana mwalimu aitaye majina. Pana neno la siri tu. Yeyote alijuaye neno hilo hupita, na mashine humhesabu kuwa ndiye mwenye jina. Basi swali langu ni hili: ikiwa mtu mmoja aitwa mwanafunzi, na mtu mwingine aifanya kazi ya kujifunza, mwanafunzi ni yupi kati yao? Na yule aliyejifunza kwa jina la mwenziwe, amekuwa nani?

Sikulitafuta swali hili vitabuni. Lililetwa nyumbani kwangu na kijana mmoja ambaye nalimfundisha herufi zake za kwanza. Jina lake nalificha, na msomaji ataona sababu. Alikuwa mtoto mwenye akili, akafaulu, akaenda Nairobi, akapata shahada ya uchumi, kisha akazunguka na shahada yake ndani ya bahasha kwa muda wa miaka miwili asipate kazi. Habari za namna hiyo twazijua sote. Hata mwezi mmoja wa Desemba alirudi na fedha. Alimwezekea mama yake nyumba kwa mabati, akamlipia mdogo wake ada ya shule, akaja kunisalimu na kilo mbili za sukari.

Nalimwuliza, "Umepata kazi gani, mwanangu?"

Akajibu, "Naandika insha, Mwalimu."

"Za gazeti gani?"

"Si za gazeti. Ni za wanafunzi wa Marekani na Uingereza. Wao hulipa, mimi naandika, nao huweka majina yao."

Nalidhani anafanya mzaha, lakini sivyo. Biashara hiyo ilikuwa kubwa katika Kenya, wala si siri tena. Mwaka 2019 gazeti la New York Times lilieleza kwa kirefu jinsi vijana wa Kenya waliosoma walivyokuwa wakiandika kazi za wanafunzi wa vyuo vya Marekani kwa malipo. Mwaka 2024 ilitoka filamu iitwayo The Shadow Scholars, iliyoongozwa na Eloise King, ambayo ndani yake Patricia Kingori, profesa wa Oxford mwenye asili ya Kenya, awatafuta waandishi hao. Na hata humo nyuso za baadhi yao zimefichwa wasijulikane. Mambo huenda hivi. Mwanafunzi wa ng'ambo hupeleka swali lake kwa kampuni kwa njia ya mtandao, hueleza ataka kurasa ngapi na siku ya mwisho ni ipi, kisha hulipa. Kampuni hukata fungu lake, na mwandishi hupata kilichobaki. Ili mtu apate kazi hana budi awe na akaunti, na akaunti nyingi zina majina ya watu wa nchi nyingine, kwa sababu mnunuzi hupenda kuamini kuwa amwandikiaye ni Mmarekani au Mwingereza mwenziwe. Kwa hiyo akaunti huuzwa, tena hukodishwa kama baiskeli. Angalia basi, msomaji: mwandishi aingia kazini kwa jina la kuazima, na kazi yake ikiisha hubandikwa jina la mtu wa tatu.

Kijana wangu alikuwa ameandika juu ya uuguzi, na sheria, na historia ya Ufaransa, na malezi ya watoto. Aliniambia kuwa aliwahi kuandika kurasa nane juu ya uaminifu katika masomo, na mnunuzi wake akapata alama za juu sana. Nalicheka, naye akacheka, kisha tukanyamaza sote wawili.

Baadaye alinieleza jambo ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mwanamke mmoja wa Marekani, aliyekuwa na kazi ya mchana na watoto wawili wa kulea, alimpa neno lake la siri ili amfanyie somo zima la majuma kumi na matano. Kila juma kijana aliingia katika darasa lile kwa jina la mwanamke yule. Alisoma vitabu vilivyoagizwa, akajibu maswali, akabishana kwa adabu na wanafunzi wenziwe. Mwalimu wa somo lile alikuwa mtu mwema, mwenye kuzisoma kazi kwa uangalifu. Karibu na mwisho alimwandikia barua yule aliyemdhania kuwa mwanafunzi wake. Alisema ameona jinsi fikira zake zilivyokua tangu juma la kwanza, akamwuliza atamani kufanya nini baada ya masomo, tena kama angependa aandikiwe barua ya kumsifu ili aendelee katika chuo cha juu zaidi.

Kijana akaniambia, "Mwalimu, naliisoma barua ile mara nyingi. Ilikuwa yangu, wala haikuwa yangu."

Nikamwuliza, "Ukajibu nini?"

"Sikujibu. Nalimpelekea yule mwanamke aijibu mwenyewe."

Wengi wakisikia habari hii husema mara moja, "Ni wizi," na mambo yamekwisha. Sipingi kuwa ni udanganyifu. Lakini mwizi huhamisha kitu kutoka mkono hata mkono, na hapa nauliza ni kitu gani kilichohama. Alama zilihama, ndiyo. Elimu haikuhama. Mtu aweza kulimiwa shamba, akavuna mahindi mema kuliko jirani yake aliyelima mwenyewe. Mahindi hayaulizi ni nani aliyeshika jembe. Bali mgonjwa akimpa rafiki yake dawa ainywe kwa niaba yake, rafiki amekunywa na homa iko pale pale. Kujifunza ni katika mambo ya namna hii ya pili. Hukaa ndani ya yule aliyetaabika. Mwanamke yule alinunua majuma kumi na matano ya taabu, na taabu yenyewe ikabaki Nairobi. Tena somo lile lilikuwa moja katika masomo ya uuguzi. Siku moja atasimama kando ya kitanda cha mzee, na mzee yule atalitazama jina lililobandikwa kifuani pake, aliamini.

Nilipomweleza kijana haya, alifurahi kupita nilivyotazamia. Akasema, "Basi, Mwalimu, ikiwa elimu hukaa kwa aliyetaabika, mimi ndiye mwanafunzi wa kweli. Wao wana karatasi, mimi nina elimu. Nani kati yetu ameibiwa?"

Kwa siku tatu naliona amenishinda. Kisha nalikumbuka mafundi wa kushona.

Yuko mwanamke mtaalamu wa Marekani, jina lake Jean Lave, ambaye katika miaka ya 1970 alikaa pamoja na mafundi cherehani wa Liberia, akitazama jinsi vijana wanavyojifunza ushonaji. Mwaka 1991 yeye na mwenziwe Etienne Wenger walitoa kitabu juu ya kujifunza kwa namna hiyo. Aliyoyaona, fundi yeyote wa kwetu angaliweza kumwambia, lakini ni vema yameandikwa. Kijana hakuanza kwa kukata kitambaa, maana mkato mbaya huharibu mali. Alianza mwishoni mwa kazi, kwa kutia vifungo na kushona mapindo katika nguo iliyokaribia kwisha. Baadaye akashona vipande kuvifanya nguo, na mwisho kabisa ndipo alipopewa mkasi. Muda wote huo alikuwa katikati ya mafundi. Walimwona, walimkemea, walimtuma maji, wakaanza kidogo kidogo kumhesabu kuwa ni mwenzao. Siku alipojua kushona alikuwa amekwisha kuwa fundi, na mtaa ulijua. Ujuzi wake na nafsi yake vilikua pamoja, kama mti na gome lake.

Sasa mtazame kijana wangu. Jumatatu ni mwuguzi, Jumanne ni mwanasheria, Alhamisi ni mama wa watoto wawili katika nchi asiyopata kuiona. Amejifunza kuendeleza maneno ya Kiingereza kwa namna ya Kimarekani akimwandikia Mmarekani, na kwa namna ya Uingereza akimwandikia Mwingereza. Amejifunza kuondoa kila mfano utokao kwao, maana mfano mmoja wa shamba la mahindi la mlimani ungemfichua. Hakuna hata mmoja aliyemwambia, "Hapa umekosea kufikiri, rudi ufikiri tena," akijua asema na nani. Masahihisho huenda kwa mwenye jina. Mnunuzi akipendezwa hunyamaza, asipopendezwa hudai fedha zake. Kwa miaka sita kijana huyu ametia vifungo katika nguo za watu, wala hapana fundi aliyemgeukia na kumwambia sasa shika mkasi. Ile barua ya mwalimu mwema ndiyo iliyokuwa mkasi wake, ikapelekwa kwa mtu mwingine.

Basi hasara ni mbili. Liko jina lililopata shahada pasipo elimu, na iko elimu iliyopatikana pasipo mtu wa kuikua. Nalimwambia hivyo. Hakufurahi tena.

Msomaji ataniuliza kama nataka kusema kwamba kujificha katika masomo ni kubaya sikuzote. La, sisemi hivyo. Nalifundisha mtoto mwenye kigugumizi ambaye kwa miaka minne hakuinua mkono hata mara moja, na daftari lake lilikuwa bora kuliko madaftari yote ya darasa. Mtoto kama huyo akipewa mahali pa kuandika swali lake asipoonekana, wala pasipo wenziwe kumcheka, atauliza. Najua pia mama mmoja wa makamo ambaye hujifunza hesabu za biashara katika simu usiku, kwa jina la kupanga, kwa sababu aona haya watu wajue kuwa hakumaliza shule. Namsifu. Jina la kupanga si uongo. Washairi wetu wa pwani wamezoea kutia lakabu mwishoni mwa mashairi yao, na wasomaji wakawajua kwa lakabu hizo, wakawajibu, wakabishana nao miaka na miaka. Lakabu ni yake mwenyewe. Akikosea, yeye ndiye akosolewaye. Akisifiwa, sifa humfikia. Nyuma ya pazia yuko mtu yule yule leo na kesho, naye ndiye aitikaye. Jina la kupanga na jina la kuazima ni vitu viwili mbalimbali, na ajabu ni kwamba mashine haziwezi kuvitofautisha: zote mbili kwake ni neno la siri lililoandikwa sawasawa.

Wala umbali sio kosa. Watu walisoma kwa umbali zamani kabla ya kompyuta. Mwaka 1840 Isaac Pitman wa Uingereza alianza kufundisha hati mkato kwa kupeleka masomo kwa posta na kusahihisha majibu yaliyorudi. Nelson Mandela alisoma sheria kwa barua akiwa gerezani, akapata shahada yake ya sheria kutoka Chuo Kikuu cha Afrika Kusini mwaka 1989 kabla hajafunguliwa. Gerezani katika kisiwa cha Robben alikuwa namba, 466/64. Katika masomo yake alikuwa mtu mwenye jina, na nadhani hiyo ndiyo sababu moja ya wafungwa wengi kupenda kusoma. Jirani zetu wa Tanzania walitunga sheria ya Chuo Kikuu Huria mwaka 1992, na watu wa mikoani wamesoma huko wakiwa wakulima na waalimu na askari, wakikusanyika katika vituo vya mikoa kufanya mitihani. Aliye mbali aweza kujulikana sana, kama vile aketiye dawati la mbele aweza asijulikane kabisa. Mtoto wangu wa mbuzi hakuwa mbali. Alikuwa mlima ule pale. Mimi ndiye nisiyemjua hata kwa sauti yake.

Liko neno moja lililonitaabisha zaidi, maana lanihusu. Kwa miaka mingi mimi mwenyewe nimewaandikia watu. Mama asiyejua kuandika alikuja na habari za mwanawe aliye Mombasa, akaketi, akasema maneno yake, nami nikaandika, na chini nikatia jina lake. Mahali pengi mlangoni pa posta walikuwako watu waliofanya kazi hiyo kwa malipo, wala hapana aliyewaita wadanganyifu. Kijana alinikumbusha jambo hilo, akaniuliza tofauti iko wapi. Nalifikiri sana. Naona iko katika kile ambacho jina lashuhudia. Barua ya mama haisemi, "Najua kuandika." Yasema, "Mwanangu, mvua haikunyesha, na babako aumwa mguu," na hayo ni yake kweli, kalamu ikiwa ya nani. Lakini insha ya shule haina habari nyingine ya kupeleka ila hii moja, kwamba mwenye jina amejua. Mwalimu haitaji kuelezwa magonjwa ya wazee. Ayajua tangu zamani. Amtafuta mwanafunzi. Ukiondoa mwanafunzi katika insha, zabaki karatasi tupu zenye maneno ya kweli.

Wenye vyuo wamejaribu kuulinda mlango. Wasomaji wa gazeti hili waijua habari ya Isaka, mzee asiyeona, aliyempapasa mwanawe mikono ili apate hakika, akadanganywa na ngozi za mbuzi. Vyuo vingi vimo katika hali ya mzee yule. Mwaka 2020, walipofunga milango kwa ajili ya ugonjwa wa korona, vingi vilitumia programu za kumtazama mwanafunzi kwa kamera wakati wa mtihani, zikiuliza kitambulisho na kuangalia uso. Hata macho hayo yana kasoro zake. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mashine tatu za namna hiyo, zitazamazo picha ya uso na kutaja kama ni mwanamume au mwanamke. Kwa wanaume weupe zilikosea chini ya mara 1 katika 100. Kwa wanawake weusi ilikuwako iliyokosea zaidi ya mara 34 katika 100. Mashine isiyojua kama mtu ni mwanamke, itamtambuaje kuwa ni fulani? Na hata ikimtambua uso, imelinda saa mbili za mtihani tu. Majuma kumi na matano hayakuwa na mlinzi.

Serikali nazo zimetunga sheria. Australia ilifanya hivyo mwaka 2020, na Uingereza mwaka 2022, kwa vyuo vya England. Sheria hiyo ya England yamkamata auzaye kazi au aifanyiaye biashara. Yule anunuaye huachiwa chuo chake kimwadhibu. Nadhani ni halali waitunge, ingawa si rahisi ifike chumba kimoja cha kupanga katika mtaa wa Nairobi. Lakini kuna jambo ambalo sheria haikuuliza, nami naliuliza kwa niaba ya waalimu. Chuo kikimpa mwalimu mmoja wanafunzi mia tatu ambao hataona uso wa hata mmoja, wala hatakuwa na nafasi ya kusoma kazi zao mara mbili, na kikawatoza ada kubwa, kwa nini kishangae kwamba hakikujua ni nani aliyeitika? Nalidanganywa na watoto arobaini. Siwezi kumlaumu mwenzangu wa mia tatu. Nawalaumu waliomhesabia mia tatu.

Mambo haya yote yamegeuka tena, hata kabla hatujayafikiri vizuri. Mwezi wa Novemba 2022 ilitolewa programu iitwayo ChatGPT, ambayo ukiipa swali hutunga insha kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Mwaka uliofuata waandishi wengi wa Kenya waliona kazi zikipungua, na kijana wangu alikuwa mmoja wao. Mwanafunzi wa ng'ambo hahitaji tena kumlipa mtu. Watu kadhaa walinipongeza, kana kwamba uovu umeondoka katika nchi. Sikuweza kushangilia. Zamani, katika udanganyifu ule, alikuwako hata hivyo mtu mmoja aliyeketi usiku akasoma juu ya magonjwa ya wazee na sheria za mikataba, akaelewa. Elimu ilikuwa imepotea njia, lakini ilikuwa imeingia nyumbani mwa mtu. Sasa swali laulizwa na mwalimu, lajibiwa na mashine, lasahihishwa, na pengine lasahihishwa na mashine pia, na kati ya hizo zote hapana nafsi hata moja iliyofahamu jambo jipya. Ile sauti iliyoitika "Nipo" nyuma ya darasa ilikuwa ya uongo, lakini ilikuwa ya mtoto aliyekuwapo.

Kijana alirudi nyumbani kwa muda. Jioni tulizungumza sana, na mwaka jana alijiandikisha katika chuo kikuu kimoja kwa masomo ya shahada ya pili, yafanywayo kwa intaneti, kwa jina alilopewa na baba yake. Nalikwenda naye Voi kupiga picha ya kitambulisho. Nalitazamia kuwa mtu aliyepata alama za juu kwa majina ya watu wengine hatapata shida kwa jina lake.

Kazi yake ya kwanza ilirudishwa na alama za katikati. Alikuja kwangu amekasirika, akanionyesha maneno ya mwalimu wake katika simu. Mwalimu alikuwa ameandika kuwa maneno ni mazuri na vitabu vimesomwa, lakini yeye haoni mwandishi mwenyewe afikiri nini, tena akamwomba atoe mfano wa mahali anapopajua. Kijana akasema, "Kwa miaka sita sikupata alama kama hizi, Mwalimu. Na mifano ya kwetu ndiyo niliyojizoeza kuifuta."

Nalimwambia aandike tena. Alitumia majuma mawili. Alikwenda sokoni Wundanyi kabla ya mapambazuko, akawauliza wakina mama wapelekao nyanya Mombasa jinsi wanavyokopeshana fedha za gari pasipo hati, na afanywaje asiyelipa. Shangazi yake ni mmoja wao, naye alimkaripia kwanza kwa kuuliza mambo ya fedha za watu. Usiku alikuwa akinisomea aliyoyaandika, akikata na kuongeza. Nalimsikia akisema "mimi naona" kwa Kiingereza, akasita, akarudia. Kazi ile ilirudi na alama nzuri kidogo, na maswali matatu mapya. Moja la maswali hayo hakujua kulijibu, wala mimi sikujua, naye alilizungumza kwa siku nyingi na kila mtu aliyeingia uani mwetu.

Ada ya masomo hayo si ndogo, na kazi nyingine hajapata. Jioni moja nalimwuliza ailipa kwa fedha gani. Alitazama chini, akaizungusha simu mkononi mwake, asinijibu. Nami sijamwuliza tena.